Mshipi na Njia ya Kushuka: Watu wa Newala na Masasi Katika Ufuko wa Kusini

Ukisimama Newala, pale panapoitwa Shimo la Mungu, ardhi inakatika ghafla miguuni pako, na chini kabisa bonde la Ruvuma limetandaa hadi Msumbiji. Mto uko kule. Huku juu hakuna maji yanayotiririka. Uwanda wa Makonde ni wa mchanga na udongo unaonyonya mvua yote inayonyesha. Maji yanazama, kisha yanachomoza mabondeni kwenye chemchemi. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala waliteremka na mitungi, wakapanda mlima mzigo ukiwa kichwani, na adha hiyo haikuanza kupungua mpaka miaka ya 1950, mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kusukuma maji kwa mashine kutoka bondeni kuja juu. Mtoto wa Newala hakuwa na dimbwi wala kijito cha kujifunzia kuvua. Masasi nako, chini ya vilima vya mawe kama Mtandi, ni nchi ya mihogo, mtama na korosho, na kwa barabara bahari ya Mtwara iko umbali wa karibu kilomita 200.

Hata hivyo, nenda Mikindani, Shangani au Msimbati siku ya mapumziko, maji yanapoanza kujaa, utakuta wenyeji wa nchi hizi kavu wamesimama majini hadi magotini, mshipi mkononi, macho baharini. Vitabu vya historia ya kusini husimulia sandarusi, mpira, mkonge, karanga na korosho, ndoana haimo. Nami naona ndoana ilistahili kuwamo. Kila moja ya bidhaa hizo ilifungua njia ya kushuka pwani, na kila njia iliyofunguliwa ilimkaribisha mtu wa juu hatua moja zaidi kwenye maji ya chumvi.

Kabla ya kumvua samaki wa bahari, mtu wa juu alimla. Aliyemfikia ni ng'onda, samaki aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani mpaka akakauka kiasi cha kuvumilia siku kadhaa za safari bila kuoza. Ng'onda na chumvi vilipanda. Sandarusi, nta, nafaka na meno ya tembo vilishuka. Kuanzia miaka ya 1870 mpira wa porini uliogemwa katika vichaka vya Makonde ukawa mali kubwa, na Mikindani na Lindi zikapata wateja wengi kuliko zamani. Waliokaa pwani hawakuwa wageni kabisa kwa waliokuja kutoka juu. Wamakonde wa pembezoni mwa bahari, wanaojulikana kama Wamaraba, walikuwa ndugu wa watu wa uwandani kwa asili na kwa ndoa, ila wao walishalelewa na maji kujaa na maji kupwa. Mtu aliyeshuka na mzigo wa mpira alilala kwa ndugu, akasubiri bei, na akiwa anasubiri aliona jinsi chakula chake kinavyotoka majini.

Njia hizo zilipita wengi. Machi 1866 David Livingstone aliteremka Mikindani na ngamia, nyumbu na nyati aliowaleta kutoka Unguja na kwingineko, kisha akashika njia ya Ruvuma chini ya uwanda. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakashukia Lindi na kupanda bara mpaka Masasi, wakaanzisha kijiji. Hao walikwenda kinyume cha wenzao: wao walikuwa wamekaa kisiwani, wakajua samaki wabichi, na sasa walikuwa wakihamia nchi ya ng'onda. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi, na makao ya misheni yakahamishiwa Newala. Huko Luagala, juu ya uwanda, Machemba, mtawala wa Kiyao, alishika njia za misafara kwa mkono wa chuma. Mwaka 1890 alimwandikia Mjerumani Hermann von Wissmann barua kwa Kiswahili akikataa kwenda kumsujudia, na alipambana mpaka 1899 alipovuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno. Aliyeshika njia ndiye aliyeamua nani ashuke na nani alipe, na mwenye kutaka chumvi alilijua hilo vizuri.

Zana za mvuvi wa ufukweni wa wakati huo zilikuwa nzito na fupi. Ndoana ilifuliwa na mhunzi kwa chuma. Uzi ulisokotwa kwa nyuzi za mimea au kwa pamba, ukalowekwa katika maji ya maganda ya mkandaa ili usioze haraka, nao ukawa na rangi ya kahawia iliyokolea. Kwa chubwi, yaani ule uzito unaouzamisha mshipi, mtu alifunga jiwe au kipande cha tumbawe. Mshipi wa namna hiyo hunywa maji. Ukishalowa unakuwa mzito, hauruki mbali, na ukiurudisha nyumbani lazima uanikwe kila mara, la sivyo mwezi ujao utakukatikia samaki akiwa tayari ndoanani.

Kwa sababu mshipi haukuruka mbali, mvuvi alilazimika kujua samaki anapita wapi. Hapo ndipo ulipokuwa ujuzi wake wote. Pwani ya Mtwara maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa hufika mita tatu na zaidi, na mwamba wote unabaki nje. Maji yakianza kurudi, chaa, changu na mkizi wanafuata ukingo wa maji wakitafuta chakula kwenye mchanga na majani ya baharini yaliyokuwa makavu saa mbili zilizopita. Mvuvi anasimama kwenye mlango wa hori, au kwenye mfereji unaotoka mikokoni, na kuutupa mshipi hatua chache tu mbele yake. Anarudi nyuma kadiri maji yanavyomfuata. Yakishajaa kabisa na kutulia, samaki wametawanyika, naye anakunja. Wamaraba walijifunza haya wangali wadogo. Mtu wa Newala alipaswa kujifunza akiwa mtu mzima, na kujifunza kunataka kukaa.

Kilichomkalisha ni mkonge.

Mkonge uliletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na Richard Hindorf, ukaanzia Tanga, na baadaye ukaenea hadi Lindi na Mikindani. Mashamba kama Kikwetu, karibu na hori la Lindi, yalihitaji mikono mingi, na serikali ilihakikisha mikono hiyo inapatikana kwa kudai kodi ya fedha kutoka kwa watu waliokuwa na nafaka lakini hawakuwa na sarafu. Vita vya Majimaji vya 1905, ambavyo ndani yake misheni ya Masasi ilichomwa moto, na njaa iliyofuata, viliongeza umaskini juu ya kodi. Karl Weule, mtaalamu kutoka makumbusho ya Leipzig aliyetembea kutoka Lindi mpaka Masasi na Newala mwaka 1906, aliikuta nchi ambayo vita vilikuwa vimeipitia muda mfupi tu. Kisha ikaja Vita Kuu: Wareno walivuka Ruvuma na kuikalia Newala kwa muda mwaka 1916, wakafukuzwa, na mwaka uliofuata jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck likapita kusini likichukua chakula na wapagazi. Baada ya Waingereza kuchukua utawala, kijana wa uwandani alibaki na jibu lile lile kwa mdai kodi: kushuka mkongeni.

Huko alipewa kipande, kadi iliyowekwa alama kila siku ya kazi mpaka zitimie siku 30, ndipo alipwe. Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma, Wamakua, Wayao na Wamwera waliishi kambini bega kwa bega. Posho ilikuwa unga na maharage. Bahari ilikuwa karibu. Naamini ni hapa, katika jioni za kambi za mkonge na Jumapili zake, ambapo mtu wa juu aliacha kuwa mla ng'onda na kuwa mvuvi. Hakuwa na mtumbwi. Mtumbwi ni mali, na huhitaji ukoo wa kuukalia. Hakuwa na wavu wala dema, vyote kazi ya mafundi wa pwani. Mshipi ulimtosha. Ndoana ilipatikana kwenye duka la Mhindi kwa senti chache, na singa za mkonge, zile nyuzi alizozikata, kuzianika na kuzifunga kwa maelfu kwa faida ya wengine, zilijulikana kila kona ya kambi kama kitu cha kusokotea kamba. Kati ya zana zote za bahari, mshipi peke yake haukumuuliza mtu kwao ni wapi.

Alipotimiza kipande na kurudi Newala, alirudi na ujuzi huo. Wengine waliutumia Ruvuma, kwa kambale na perege. Wengine waliungoja msimu mwingine wa kodi.

Ndoana za dukani zilikuwa nyingi za kiwanda cha Mustad cha Norwei, kampuni iliyoanza mwaka 1832 na kuingia katika ndoana mwaka 1877. Zilikuwa sawasawa, kali, na zenye namba. Namba hizo bado zinawachanganya wanaoanza, kwa kuwa kwa ndoana ndogo namba kubwa ndiyo ndoana ndogo zaidi. Ndoana ya mhunzi ilififia taratibu, na sidhani kama kuna mvuvi aliyeililia. Chuma chake kilinyooka pale hasa ambapo hakikupaswa kunyooka.

Badiliko kubwa lilikuwa nailoni. Kampuni ya DuPont ya Marekani iliitangaza mwaka 1938, vita vikaichukua kwa ajili ya miavuli ya askari, na baada ya 1945 uzi mmoja mwembamba unaong'aa ukaanza kufika katika maduka ya bandari za dunia nzima, zetu zikiwamo. Hakuna chombo kilichombadilishia mvuvi wa ufukweni maisha kama huo uzi. Haunywi maji. Hauhitaji mkandaa wala kuanikwa. Ndani ya maji samaki hauoni vizuri. Na kwa nguvu ile ile ni mwembamba kuliko uzi wa pamba, kwa hiyo unaruka. Mvuvi aliyeshindwa kuupita mkanda wa mawimbi sasa aliweza kuufikisha mshipi wake upande wa pili, penye maji ya buluu, ambako kolekole hupita wakiwinda.

Namna ya kuurusha ilitengenezwa na wavuvi wenyewe, nayo ingali hivyo hivyo. Mshipi umezungushwa kwenye kibao au kwenye chupa. Mvuvi anaukunjua na kuulaza mchangani mzunguko mmoja baada ya mwingine, au anaishika chupa mkono wa kushoto mdomo ukielekea baharini ili uzi ujifungue wenyewe. Mkono wa kulia unashika mshipi umbali wa kama hatua moja kutoka kwenye chubwi. Anauzungusha pembeni, kisha juu ya kichwa, mara mbili, mara tatu, anasikiliza sauti yake hewani, na anauachia. Akiuachia mapema unakwenda juu na kuanguka karibu. Akichelewa unapiga maji mbele ya miguu. Chubwi siku hizi ni risasi iliyoyeyushwa kutoka betri chakavu za magari, ikamiminwa katika kalibu ya mchanga, au plagi ya zamani ya injini, au nati kubwa. Penye mawe, wengi hufunga chubwi kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, ili likinasa lipotee peke yake na samaki abaki. Penye papa wadogo na taa, kipande cha waya huwekwa juu ya ndoana, kwa kuwa nailoni haishindani na meno.

Nailaumu nailoni kwa jambo moja tu. Haiozi. Mshipi wa babu ukikatika mwambani uliliwa na bahari ndani ya mwaka. Huu wetu unabaki umejiviringa kwenye matumbawe miaka na miaka, ukiendelea kunasa kaa, samaki na hata kasa, bila mtu wa kufaidi.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikuja na mpango mkubwa wa karanga. Kongwa, Urambo na Nachingwea zilichaguliwa, na kwa ajili ya Nachingwea ikabidi kujengwa reli na bandari mpya. Hori la Mikindani lilikuwa dogo kwa meli kubwa, kwa hiyo jirani yake, Mtwara, ikachorewa mji mzima kwenye ramani. Mpango wa karanga uliachwa mwanzoni mwa 1951 baada ya hasara kubwa, lakini bandari ilikamilika na kufunguliwa mwaka 1954, na reli, iliyoendelezwa hadi Mtwara, ikapata tawi la kufika Masasi mwishoni mwa muongo huo. Haikudumu, mwanzoni mwa miaka ya 1960 iling'olewa. Katika miaka hiyo michache, hata hivyo, mtu wa Masasi aliweza kupanda garimoshi na kushukia mahali anapoona meli. Mji mpya ulihitaji makuli, makarani, waashi, mapolisi, walimu, na wengi walitoka juu. Kazi za mji zina Jumapili na mwisho wa mwezi. Hapo ndipo safari ya kwenda ufukweni ikawa matembezi, jambo ambalo mtu hulipanga kwa furaha yake.

Wazungu wa mpango wa karanga na wa bandari walikuja kutoka kwao ambako uvuvi wa kujifurahisha ulikuwa na historia yake. Fimbo ndefu yenye gurudumu la kukunjia uzi ilikuwa imepita mikono mingi. Gurudumu ambalo wengi wanalitumia leo, lile ambalo pipa lake halizunguki wakati wa kurusha bali uzi unachomoka kwenye ukingo wake, lilisajiliwa nchini Uingereza mwaka 1905 na Alfred Illingworth, mtu wa ukoo wa viwanda vya sufu vya Bradford. Nyuzi zilizojifungua kutoka katika vibiringo vya mashine za kusokotea zilikuwa mbele yake kila siku, na gurudumu lake linafanya kazi hiyo hiyo. Atakayelitazama kwa makini ataiona pia chupa ya mvuvi wa Mikindani: pipa limetulia, uzi unatoka kwa kuvutwa na uzito. Fikra moja iliwajia watu wawili wasiojuana, mmoja kiwandani na mmoja mchangani.

Kaskazini zaidi, Malindi na katika mlango wa Pemba, uvuvi wa fimbo ulikuwa umeshakuwa biashara ya watalii matajiri. Ernest Hemingway alivua Malindi mwaka 1934. Kusini haukupata umaarufu huo. Na mimi sikubaliani na wanaosema kwamba kuvua kwa kujifurahisha ni jambo la wageni, na kwamba Mwafrika mwenye mshipi ufukweni lazima awe na njaa. Karani aliyeshika mshipi saa nne nzima, akarudi na changu wawili wanaotosha sahani moja, alijua kwamba sokoni angewanunua kwa ujira wa nusu siku. Alikwenda kwa sababu ya zile saa nne. Kumnyima jina la mstarehe kwa kuwa mshipi wake umezungushwa kwenye chupa ni kumwonea.

Mshipi wa mkono umewahi hata kuishangaza dunia ya elimu. Desemba 1952, katika kisiwa cha Nzuwani huko Komoro, mvuvi aitwaye Ahamadi Abdallah alivua kwa mshipi samaki mkubwa mwenye mapezi kama viungo, aina ambayo wataalamu walidhani ilitoweka kabla ya binadamu kuwapo, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Profesa J.L.B. Smith, aliyekuwa amesambaza karatasi za kuahidi zawadi ya pauni 100, alipewa ndege ya jeshi kwenda kumchukua. Pwani yetu ilingoja mpaka Septemba 2003, alipopatikana mmoja Songo Mnara, Kilwa, safari hii katika wavu. Nalitaja hili kwa sababu nyingine pia. Smith, katika kukusanya samaki wa Msumbiji na visiwa vyetu, alitumia baruti. Ilikuwa njia ya kawaida ya elimu wakati ule, na wavuvi walioitazama ile minara ya maji ikipanda waliona jinsi mlipuko mmoja unavyoleta samaki wengi.

Uvuvi wa baruti ulishika mizizi Tanzania katika miaka ya 1960. Sheria ya Uvuvi ya 1970 iliupiga marufuku, lakini Mtwara na Lindi ziliendelea kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya kuliko zote. Kinachotokea chini ya maji ni rahisi kukieleza na kigumu kukivumilia. Mshtuko unapasua kibofu cha hewa kilichomo ndani ya samaki. Wengine wanaelea, wengi wanazama wasiokotwe. Wadogo kwa wakubwa, wenye mayai na wasio nayo, wote wanakufa. Tumbawe lililochukua miongo kujijenga linageuka kokoto, na kokoto hizo zikisukumwa na mawimbi haziachi tumbawe jipya kushika.

Wa kwanza kujua walikuwa wavuvi wa mshipi. Mwenye boti anaweza kuhamia mwamba mwingine. Aliyesimama mchangani hana pa kuhamia. Samaki wa ufukweni hutegemea mwamba ulioko nje, hulelewa katika majani na mikoko, hukua, hutoka, hurudi na maji. Mwamba ukifa, maji yanajaa kama kawaida, chambo kinalowa kama kawaida, na ndoana inarudi na chambo chake. Miaka ya 1980 na 1990 wazee wa Msimbati na vijiji vya jirani waliishi hivyo, wakisikia milipuko mchana kweupe.

Kisha watu wa pwani waliamua kusimama. Wavuvi wa Mtwara, Lindi na Kilwa waliunda umoja uliojulikana kama Shirikisho, wakasaidiwa na mradi wa RIPS uliofadhiliwa na Finland, wakapeleka malalamiko yao mpaka kwa wakubwa wa nchi. Mwaka 1997 Martin Guard na Mwajuma Masaiganah waliandika katika jarida la kisayansi juu ya baruti ya kusini, na dunia ikapata kusoma yale ambayo wavuvi walikuwa wakiyasema baraza baada ya baraza. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990 wanamaji waliletwa kufanya doria. Haikuwa kazi salama. Mwenye kumtaja mpiga baruti aliishi naye kijiji kimoja, pengine ukoo mmoja. Kwangu mimi ujasiri wa watu hao unapaswa kusomeshwa darasani pamoja na wa Machemba.

Sheria ya Hifadhi za Bahari ilikuwa imepita mwaka 1994. Mwaka 2000, Rais akiwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitangazwa, eneo la kilomita za mraba zipatazo 650 lenye vijiji ndani yake. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu. Mkondo mkubwa wa bahari unaotoka mashariki unaigonga pwani karibu na Rasi ya Delgado na kugawanyika, sehemu ikienda kaskazini kwetu na sehemu kusini Msumbiji, na mayai na vifaranga vya samaki wa Mnazi husafiri nao mbali sana. Baruti ilirudi tena kwa nguvu miaka ya 2000, na ilihitajika kikosi cha pamoja cha vyombo vya dola kilichoundwa mwaka 2015 ndipo milipuko ikapungua sana.

Sasa barabara ya lami imefanya kwa saa chache kile kilichokuwa safari ya siku kadhaa kwa miguu. Kalenda nayo inasaidia. Korosho za Newala, Tandahimba na Masasi huuzwa zaidi kati ya Oktoba na Desemba. Kusi, upepo unaochafua bahari kuanzia Aprili, unakuwa umekwisha, na kaskazi ya kusini mwa nchi ni tulivu. Fedha na bahari njema hufika pamoja. Msimu huo ndio familia za juu hushuka, na vijana wao wanabeba fimbo za bei nafuu kutoka China pamoja na chupa ya mshipi ya kaka yao, kwa tahadhari.

Wakifika Msimbati, wafanye jambo moja kwanza: waulize. Ufuko wa pale unashuka kwa ghafla, maji ya kina yako karibu sana na mchanga, na ndiyo maana mtu aliyesimama nchi kavu anaweza kupata kolekole bila chombo. Lakini mkondo una nguvu, na wenyeji wanajua mahali ambapo mtu hasimami. Chambo bora ni pweza, nyama yake ni ngumu na haiibwi na samaki wadogo. Tangu wanunuzi wa viwandani walipoanza kumtafuta miaka ya 1990, bei yake imepanda, na wanawake wanaomchokoa mwambani wakati wa bamvua hawampi mtu bure. Ngisi au vipande vya dagaa vinatosha. Usiku wa mwezi mchanga, maji yakijaa, ndoana ndogo zinapata chaa na tasi. Kelea hutaka mawe.

Wavu wa kukokota umepigwa marufuku, bunduki ya mshale pia, nyavu za macho madogo pia. Mshipi haumo katika orodha hiyo. Mgeni anapaswa kuripoti kwa uongozi wa hifadhi na kwa BMU, ile kamati ya wavuvi wa kijiji iliyopewa nguvu na Sheria ya Uvuvi ya 2003, na anayevua kwa michezo kwa fimbo ana leseni yake. Wanaokaa katika kamati hizo ni watu wa vijiji vilivyoishi na milipuko ile. Watakuonyesha pa kusimama, na watakutaka uukusanye uzi wako uliokatika, uondoke nao.